Aya ya Tatu ya Kiapo

Wakili Gloria alinipigia simu nikiwa wodini Tosamaganga, Iringa, nikaikata. Akapiga tena. Nilipotoka nje kumjibu nilikuwa nimeshakasirika, maana mtu mzima anapaswa kujua kwamba muuguzi akikata simu hafanyi maringo, ana mgonjwa mikononi.

"Bupe, baba yako amegoma kuapa," alisema, bila hata salamu.

"Amegoma kuapa nini?"

"Aya ya tatu ya kiapo. Ile inayosema kwamba Ambokile amefariki."

Nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri dawa. Ambokile ni baba yangu. Na huyo aliyegoma kuapa naye ni Ambokile, na naye ni baba yangu. Ngoja nieleze taratibu, kwa sababu hata wakili wetu mwenyewe alikaa na kesi hii zaidi ya mwaka bila kuelewa, na hakuelewa kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuna jambo la kumweleza.

Baba aliyenizaa, Ambokile, alifariki mwaka 2001, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Alikuwa na mke, yaani mama yangu Marta, na alikuwa na kiwanja chenye nyumba na shamba dogo pale Mbalizi, chenye hati miliki kwa jina lake. Alikuwa pia na mdogo wake, Yotamu, kijana asiye na mke, mpiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Katika ukoo wetu mwanamume mwenye mji wake hafi akauacha mji ukiwa wazi. Matanga yalipoisha, wazee walimwingiza Yotamu ndani, wakamvika koti la marehemu, wakamtoa mlangoni mbele ya watu na kumwita: Ambokile. Akaitika. Imekwisha. Tangu siku ile jina la Yotamu halikuitwa tena pale nyumbani, na Ambokile alikuwa amerudi. Kilio kilikoma, kwa sababu anayeendelea kulia anamtukana aliyerudi. Nakumbuka shangazi mmoja alinifunga mdomo kwa kiganja chake, akaninong'oneza, "Unamlilia nani sasa? Baba yako si huyo hapo?"

Nikamtazama. Alikuwa amevaa koti lililomzidi mabega.

Mama aliikubali mila ile yote isipokuwa kitanda. Yeye ni Mmoraviani wa kukaza kamba, akasema jina mpeni, mji mpeni, lakini ndoa yangu ilifungwa kanisani na itabaki huko huko. Basi Yotamu akajijengea chumba nyuma ya jiko, na analala humo mpaka leo. Hakuoa. Wanasema kulikuwa na binti wa Mbozi aliyemsubiri mpaka akachoka. Tarumbeta aliirudisha kanisani, kwa kuwa Ambokile hakuwa mpiga tarumbeta. Alinisomesha. Nilipohitimu uuguzi alikuja Iringa kwa basi akiwa na jogoo hai kwenye kikapu, akakaa naye mstari wa mbele kati ya wazazi wenye suti, jogoo akawika wakati mgeni rasmi anahutubia. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa hivi ningetoa chochote siku ile ijirudie.

Kwa hiyo aliposema mahali popote kwamba yeye ni Ambokile, hakumdanganya mtu. Kanisani ni Ambokile. Ofisi ya mtaa ni Ambokile. Kitambulisho chake cha taifa kinasema Ambokile.

Mwaka 2013 Rabson, mfanyabiashara wa mbao aliyekulia mtaa wetu, alisimamisha uzio wa mabati katikati ya mahindi yetu. Akasema eneo lile amelinunua, na haikupita muda akaja na hati yake mwenyewe, ambayo ramani yake imemeza shamba lote na nyumba anamoishi mama. Tulihangaika naye miaka, mtaa, kata, vikao vya usuluhishi ambavyo watu wanakunywa soda na kuagana. Alipompa mama notisi ya kuhama ndipo nilipomtafuta wakili, na mwaka juzi tukafungua kesi Mahakama Kuu pale Mbeya. Gloria alimuuliza baba jina lake. Akasema Ambokile. Akatoa hati miliki: Ambokile. Akatoa kitambulisho: Ambokile. Wakili gani angeuliza zaidi ya hapo?

Aliyeuliza ni wakili wa Rabson. Siku kesi ilipotajwa mara ya mwisho aliomba, kwa upole wa paka, apatiwe nakala ya kitambulisho cha mdai. Upole ule ulimshtua Gloria. Akakirudia kitambulisho, akaona mdai amezaliwa mwaka 1979. Akairudia hati miliki, akaona imetolewa mwaka 1992. Akamvuta baba pembeni kwenye korido.

"Mzee, ulimilikishwa ardhi ukiwa na miaka kumi na mitatu?"

"Hapana," baba akamjibu bila wasiwasi wowote. "Wakati huo nilikuwa sijawa Ambokile."

Gloria aliniambia alirudi kwenye gari lake, akakaa humo akiwa ameshika usukani.

Alinieleza hatari yenyewe kwa maneno ya kawaida, na nitayarudia hivyo hivyo. Hati yetu ya madai inasema mdai ni Ambokile, mmiliki wa ardhi. Mmiliki huyo kisheria ni marehemu, na marehemu hafungui kesi. Rabson akiweka pingamizi kwa hoja hiyo, kesi inaondolewa mahakamani. Kwa kawaida mtu unarekebisha kosa lako unafungua upya, lakini madai ya ardhi yana ukomo wa miaka kumi na miwili, na hiyo miaka, tangu uzio ule usimamishwe, ilikwisha timia. Tukiondolewa leo hatuna pa kurudia, na mama anahama. Mlango uliobaki ni mmoja: kuomba ruhusa ya kurekebisha hati ya madai kabla pingamizi halijafika, ili mdai asomeke kuwa ni Yotamu, msimamizi wa mirathi ya marehemu Ambokile. Bahati nzuri usimamizi huo alikuwa nao kweli. Mahakama ya Mwanzo ilimteua mwaka ule ule wa msiba ili afuatilie mafao ya marehemu kazini, na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwake kutumia jina la Yotamu.

Kwa hiyo kilichohitajika ni kiapo kifupi. Aya ya kwanza, mimi ni nani. Ya pili, nimeteuliwa na nani. Ya tatu, Ambokile amefariki. Na hapo akaweka kalamu chini.

Niliomba ruhusa kazini nikapanda basi la Mbeya. Njia nzima nilikuwa nikigombana naye kichwani. Tulipopita Nyololo ukungu ulikuwa umelala barabarani, dereva akapunguza mwendo, nami nikamkasirikia dereva. Kazi yangu, ukiondoa sindano na dawa, ni kuwaambia watu kwamba ndugu yao amefariki. Tunafundishwa namna ya kulisema. Usiseme ametutoka, usiseme amepumzika. Sema amefariki, ukimtazama usoni, ili asibaki akisubiri. Nimelisema neno hilo kwa akina mama wa umri wa mama yangu na kwa wanaume waliokuja na chupa ya chai ya mgonjwa. Ilinijia ndani ya basi lile kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuambiwa.

Nilimkuta mama uani akipukuchua maharage, na baba amekaa kwenye kigogo akinoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa. Nyuma yao uzio wa Rabson ulikuwa pale pale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunikalisha kikao."

"Nimekuja kukusalimia."

"Watu wa Iringa mnajua kusalimia," alisema, na akatabasamu kidogo. "Kaa. Sema."

Nilimweleza yote ambayo Gloria alikuwa ameshamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake huwa ni dalili mbaya.

"Kesi sikatai," alisema. "Nakataa hiyo aya. Wazee walinisimamisha pale mlangoni wakaniambia, kijana, ukiitika usije ukageuka. Nikaitika. Sasa nishike Biblia niseme nilikuwa naigiza?"

"Hakuna anayesema uliigiza."

"Hiyo karatasi inasema."

"Karatasi inasema baba alikufa, na ni kweli alikufa." Sauti yangu ilipanda, nikaiacha ipande. "Rabson hajali uliitika nini. Mwezi ujao mama atakaa wapi? Atakuja kulala wodini kwangu?"

Akaliweka panga chini.

"Bupe. Nikisema Ambokile amekufa, mama yako anakuwa mjane. Wewe unakuwa yatima. Mimi jina hili nililichukua ili msiwe hivyo. Nimelibeba miaka yote hii kwa ajili hiyo tu. Nikilitua leo, nitakuwa nimefanya kazi gani?"

Nilikuja na hoja zote za sheria na zote zikaniishia hapo hapo uani. Nilimpenda mtu yule kuliko nilivyowahi kujua, na nilitaka kumtingisha mabega.

Mama ndiye aliyesema. Hakuacha kupukuchua.

"Mimi ni mjane, Baba Bupe."

Akamgeukia.

"Ni mjane tangu siku ile," alisema mama. "Umenitunza, na Mungu anajua. Hujanikosea hata siku moja. Lakini mume wangu alikufa, na nilinyamazishwa kabla sijamlilia. Nilinyamaza kwa heshima yako. Bado nanyamaza."

Baba akanyanyuka, akaingia chumbani kwake nyuma ya jiko na kufunga mlango. Hatukumsikia tena jioni ile.

Asubuhi alitoka amevaa suti yake ya kanisani na akatuambia twende tusichelewe. Sikuthubutu kumuuliza chochote. Gloria alitupokea kwenye ngazi za mahakama, akanitazama kwa swali, nikatikisa kichwa kwamba sijui. Akasema kwa kuwa kiapo hakijasainiwa ataomba kwa mdomo, na Jaji akitaka kumsikia mdai mwenyewe, basi liwalo na liwe.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kutulia. Kesi ilipoitwa Gloria akasimama akaomba ruhusa ya kurekebisha hati ya madai kwenye jina la mdai na aya zinazoeleza haki yake ya kudai. Alieleza mila ile kwa ufupi na kwa heshima, na nilimshukuru kwa hilo.

Wakili wa Rabson aliruka juu.

"Mheshimiwa Jaji, tunapinga vikali. Haya si marekebisho. Wenzetu wanataka kumtoa mfu wamwingize mtu mwingine kabisa. Na wanafanya haraka hii kwa sababu wamesikia tunaandaa pingamizi la awali."

"Pingamizi hilo limo ndani ya jalada?" Jaji aliuliza.

"Linakamilishwa, Mheshimiwa."

"Basi siwezi kulilinda pingamizi ambalo halijazaliwa."

Aliandika kitu, kisha akaweka kalamu na kuzungumza taratibu, akitutazama hata sisi tuliokaa nyuma.

"Sheria inaniruhusu kukubali marekebisho katika hatua yoyote ya kesi, ili kile hasa kinachogombaniwa kipate kuamuliwa. Watu wasipoteze ardhi kwa sababu ya makosa ya uandishi wakati mahakama ingeweza kuyasahihisha. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Siwezi kukubali kama upande wa pili utaumia kiasi ambacho gharama haziwezi kufidia. Na siwezi kumwingiza mtu mpya kupitia dirisha la marekebisho. Kwa hiyo nataka kujua jambo moja. Aliyekuja hapa mwaka juzi akafungua kesi hii ni nani? Mdai apite mbele."

Baba akapita. Akapewa Biblia, akaapa kusema kweli. Mama alinishika mkono.

"Taja jina lako," alisema Jaji.

Baba akaitazama Biblia mkononi. Karani akanyanyua macho. Wakili wa Rabson akaanza kutabasamu, na Gloria akatazama meza. Mimi nilikuwa namwona baba kwa nyuma tu, mabega yake, na nikaona yanapanda na kushuka. Nilijua kwamba akisema Ambokile tumekwisha. Nilijua pia kwamba sehemu ya moyo wangu, ile ya mtoto aliyefungwa mdomo, ilikuwa inaomba aseme Ambokile.

"Naitwa Yotamu," alisema.

"Sema kwa sauti, mzee."

"Yotamu." Akakohoa. "Ndilo jina nililobatizwa."

"Na Ambokile?"

"Amekufa, Mheshimiwa."

"Lini?"

"Mwaka elfu mbili na moja, mwezi wa nne. Mvua ilikuwa kubwa, kaburi lilijaa maji tukalichota kwa ndoo."

Hilo sikuwa nalijua. Mama alikuwa analijua, akaniminya vidole.

"Kwa nini ulifungua kesi kwa jina lake?"

"Ndilo jina langu nyumbani. Nilipewa. Kulikuwa na mke na mtoto, na palihitajika baba." Akafikiri kidogo. "Sikuwa na nia ya kuidanganya mahakama. Sikujua kwamba hapa inabidi awe amekufa."

Jaji akaandika yote. Akamuuliza kuhusu usimamizi wa mirathi, akajibu. Kisha wakili wa Rabson akainuka tena kusema kwamba mteja wake ameburutwa mahakamani na mtu asiyejulikana, amejitetea dhidi ya jina la kivuli, na akilazimishwa kuanza upya ataumia mno. Alisema neno kuumia mara nyingi kiasi kwamba Jaji alimgeukia Rabson mwenyewe.

"Mdaiwa, simama. Unamfahamu mtu huyu?"

Rabson alisimama akifunga kifungo cha koti. Si mtu mbaya wa kuzaliwa. Siku ya msiba ule alikuwa kijana, na alikuwa mmoja wa waliochota maji kaburini. Hilo nalo nimelijua baadaye. Labda alishindwa kulikana jina lile mbele ya mwenye jina. Labda alitaka tu kuonyesha kwamba anajua siri yetu.

"Namfahamu vizuri, Mheshimiwa. Ni Yotamu. Marehemu alikuwa kaka yake. Mtaani kwetu hilo kila mtu analijua."

Wakili wake akafumba macho.

"Kwa hiyo ulipopokea hati ya madai," alisema Jaji, "ulijua aliyekushitaki ni nani na anadai kwa niaba ya nani."

"Nilijua."

"Kaa."

Hakuchukua muda kutoa uamuzi. Alisema mtu ni yule yule, ardhi ni ile ile, na mdaiwa kwa kinywa chake hakuwahi kudanganyika wala kushangazwa. Kosa lilikuwa la jinsi mdai alivyoelezwa, si la mtu mwenyewe. Maombi yamekubaliwa. Hati ya madai iliyorekebishwa iletwe ndani ya siku kumi na nne, na upande wetu ulipe gharama za usumbufu. Nani mwenye hati halali kati ya Yotamu, kama msimamizi wa mirathi, na Rabson, hilo ndilo litakalosikilizwa sasa, na akatuasa tusidhani tumeshinda ardhi.

Gloria alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho. Alitutangulia kutoka, akianza kutueleza korido nzima kuhusu mashahidi na wapima ardhi. Nilikuwa nafuatisha nusu nusu, nikimtafuta mama.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, kati ya watu waliokuwa wanasubiri kesi zao. Alivua kilemba chake akakiweka magotini. Kisha akafungua mdomo akamlilia mume wake. Hakulia kama watu wanavyolia mjini, kwa kitambaa. Alilia kwa sauti yake yote, akimwita jina, akimuuliza mbona alimwacha na mtoto mdogo na mvua ile, akimtajia kila kitu kilichotokea nyumbani tangu alipoondoka, ndoa ya fulani, ng'ombe aliyekufa, Bupe ni muuguzi sasa, Ambokile, ungemwona. Nami nikakaa pale pale chini nikaweka kichwa miguuni pake. Hakuna aliyenifunga mdomo. Nilikuwa na miaka thelathini na nililia kama nilivyotakiwa kulia nikiwa na sita.

Akina mama wawili ambao hatukuwajua, waliokuja na kesi zao, walisogea wakakaa na sisi. Mmoja akaanza kulia naye, bila kuuliza, kwa kuwa msiba ni msiba. Mwingine akawa anampepea mama kwa bahasha yake. "Ndaga, mama," alikuwa anasema, ndiyo pole ya kwetu. "Ndaga."

Askari wa mahakama akaja haraka kututuliza, maana ndani kesi zilikuwa zinaendelea. Alipotuona alisita, akavua kofia. Akamfuata baba, aliyekuwa amesimama ukutani peke yake katika suti yake, mikono inaning'inia.

"Poleni, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Ni nani amefariki?"

"Kaka yangu," alisema baba.

Akateleza na ukuta mpaka sakafuni, karibu na mama, akaanza kumlilia.